Kalisi Moja, Midomo Mingi: Mwongozo wa Kugawa Damu ya Kristo kwa Usafi

Semina za wahudumu wa Ekaristi huisha kwa maswali yaleyale. Je, mafua hayahamii kwa mwingine kupitia kalisi, kile kikombe cha divai ya misa? Divai si inaua vijidudu? Kwa nini tusichovye hostia, ule mkate wa Komunyo, kwenye divai tu, yaishe? Na anayeruka kikombe, amepokea nusu? Mwongozo huu ni kwa mhudumu mpya, kwa anayetunza sakristia (chumba cha kuandalia misa), na kwa katekista anayeulizwa hayo hadi akachoka.

Katika parokia nyingi za Kikatoliki za Tanzania na Kenya, waamini Jumapili hupokea hostia peke yake. Kikombe huwafikia kwenye ndoa, nadhiri za watawa, jubilei, au misa ya kikundi kidogo kwenye mafungo. Walioko Marekani hukutana nacho mara nyingi zaidi. Kwetu tatizo ni hili: kwa kuwa kikombe hutoka mara moja moja, mikono ya wahudumu haijazoea, na kitambaa cha kufutia ukingo wa kikombe hushikwa kama pambo.

Majibu mafupi kabla ya kazi

Hatari ipo, ila ni ndogo. Mwaka 1998 wataalamu wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, waliandika kwamba hakukuwa na mlipuko wa ugonjwa uliothibitishwa kuwa chanzo chake ni kikombe cha Komunyo. Hawakusema haiwezekani. Mate yanaweza kubeba virusi vya mafua, matubwitubwi na vidonda vya homa vya mdomoni. VVU haviambukizwi kwa mate, na kifua kikuu husafiri kwa hewa, si kwa ukingo wa kikombe. Anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi aende kupimwa. Kumnyima kikombe tu hakuwakingi walioketi naye benchi moja.

Divai haisafishi kalisi. Dawa ya kutakasa mikono inahitaji kileo cha angalau asilimia 60. Divai ya misa huwa kati ya 12 na 18, na kati ya mtu mmoja na mwingine zinapita sekunde chache tu. Dhahabu na fedha nazo hazifanyi kazi kwa kasi hiyo. Kinachopunguza vijidudu kweli ni kufuta: majaribio yaliyochapishwa Uingereza mwaka 1967 yalionyesha kwamba kufuta ukingo kwa kitambaa kulipunguza bakteria kwa takriban asilimia 90. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni habari ya kitambaa.

Na anayeruka kikombe hajapungukiwa. Kristo yumo mzima katika umbo la mkate na mzima katika umbo la divai. Hakuna anayelazimishwa kunywa, na mhudumu hana haki ya kumkunjia uso anayepita.

Vitu vya kuandaa

- Ruhusa. Kugawa kwa maumbo mawili, mkate na divai, hufuata taratibu za askofu wa jimbo. Muulize paroko kwanza, usisubiri asubuhi ya harusi.
- Kalisi za madini, ndani zimepakwa dhahabu na upako haujachubuka. Maelekezo ya Roma ya mwaka 2004 yanakataza vyombo vya kioo, udongo na vingine vinavyovunjika kirahisi. Kwa usafi pia ni busara: udongo hunyonya, na kioo kikipata ufa, ufa huo hausafishiki.
- Vitambaa vya kufutia kalisi, vile ambavyo sakristia nyingi huviita purifikatori. Viwe vya kitani au pamba tupu, vyeupe, kama sentimita 30 kwa 45. Kimoja kwa kila kalisi kwa watu 30, na viwili vya akiba mezani. Vya poliesta vinang'aa vizuri kwenye picha lakini havinyonyi; vinasambaza mate tu.
- Pala, kile kifuniko kigumu cha mraba. Msimu wa nzi haina mbadala.
- Patena, kisahani cha kushika chini ya kidevu, ikiwa mtachovya.
- Maji safi ya kunywa kwenye kichupa. Maji haya padre atayanywa wakati wa kusafisha vyombo, kwa hiyo maji ya bomba lisiloaminika yachemshwe kwanza. Kipindupindu hakijali kwamba maji yako altareni.
- Sabuni, maji yanayotiririka na taulo safi sakristia.

Hatua kwa hatua

1. Piga hesabu ya watu na divai. Funda moja dogo ni kama kijiko cha chai, mililita 5. Weka 7 kwa wenye koo kubwa. Chupa ya mililita 750 inatosha watu 100 hadi 150. Kalisi ya kawaida usiijaze zaidi ya nusu, kwa sababu iliyojaa humwagika inapokabidhiwa. Hivyo kila kalisi ihudumie watu 30 hadi 40. Kila mgawa hostia mmoja, weka wahudumu wawili wa kikombe, maana kikombe ni cha polepole kuliko hostia.

*Kosa la kawaida:* kumimina divai nyingi "isije ikapungua". Inayobaki lazima inywewe yote palepale, na wanaoinywa ni walewale wachache, kutoka kikombe kilichopita midomo yote. Kupungua si msiba: wa mwisho watapokea hostia.

2. Osha kalisi kabla ya misa. Kalisi iliyokaa kabatini tangu jubilei ya mwaka jana ina vumbi na wakati mwingine mende. Tumia maji ya moto na sabuni ya maji, kwa sponji laini, suuza mara mbili, kausha. Usitumie stilwuli, majivu, dawa ya meno wala jiki. Vyote vinakwangua au kula upako wa dhahabu, na chini yake mara nyingi ni shaba, ambayo ikikutana na asidi ya divai hutoa kutu ya kijani.

3. Nawa mikono sakristia, sekunde 20, kwa sabuni. Dawa ya kutakasa inafaa kama nyongeza, lakini iache ikauke kabisa kabla ya kugusa chombo chochote. Hostia huwahi kushika harufu yake, na waamini watakuambia. Mhudumu mwenye mafua, kikohozi, kuhara au kidonda mdomoni asihudumu siku hiyo. Amtafute mwenzake, ratiba si kiapo.

4. Mimina divai kwenye kalisi zote kabla ya mageuzo, yaani sala ambayo divai hugeuka Damu ya Kristo. Zijazwe wakati wa kuandaa vipaji, zifunikwe kwa pala. Baada ya mageuzo hairuhusiwi kumimina Damu ya Kristo kutoka chombo hadi chombo, kwa hiyo mtindo wa kuweka jagi moja kubwa kisha kugawa baadaye umekwisha tangu 2004.

5. Pokea kalisi kwa padre au shemasi, simama mahali pako. Simama hatua mbili tatu pembeni mwa mgawa hostia, ili anayeruka kikombe apite bila kugongana na mtu. Shika kalisi kwa mkono mmoja kwenye kile kifundo cha katikati ya shina. Mkono wa pili ni wa kitambaa. Vidole visiguse ukingo, na gumba lisiingie ndani.

6. Kunjua kitambaa. Hapa ndipo wengi wanakosea. Kitambaa hukunjwa mara tatu kwa urefu, kisha mara mbili. Mhudumu hukiacha hivyohivyo, akafutia kona ileile watu 40. Kufikia mtu wa kumi kona imelowa, na kuanzia hapo hafuti tena: anapaka. Kikunjue kifunike kiganja, ili uwe na eneo la kuhama.

7. Kabidhi, pokea, futa, geuza. Sema "Damu ya Kristo", subiri "Amina", kisha mpe kalisi. Aishike mwenyewe kwa mikono miwili. Ukimnywesha wewe utamwagia kifuani. Usiachie mpaka uone ameishika. Akirudisha, bana ukingo kwa kitambaa: gumba upande wa ndani, kidole cha shahada upande wa nje. Vuta polepole kuvuka mahali pote mdomo ulipogusa, ndani na nje. Kisha sogeza kitambaa kidogo upate sehemu kavu, na uigeuze kalisi, yaani uizungushe kidogo, kabla ya kumpa anayefuata.

Kugeuza kunasaidia, lakini tusikutegemee. Ukingo wenye kipenyo cha sentimita 8 una mzunguko wa kama sentimita 25. Mdomo unachukua 5. Yaani mtu wa sita anarudi palepale alipokunywa wa kwanza. Aliyegeuza bila kufuta amechelewesha tu. Na kuna wanaofuta nje pekee kwa sababu ndiko kunakoonekana, wakati mdomo wa chini hugusa nje na wa juu hugusa ndani.

Kitambaa kikilowa kotekote, chukua cha akiba, hata kama foleni inakutazama.

8. Mkichovya, achovye padre. Hostia ziwe nene na kubwa kidogo kuliko zile za kawaida, la sivyo zinalainika na kukatika. Mwamini anashika patena chini ya kidevu, padre anachovya sehemu tu ya hostia, anasema "Mwili na Damu ya Kristo", mwamini anajibu "Amina" na kupokea mdomoni. Iliyochovywa haitolewi mkononi, na mwamini hajichovyei mwenyewe.

Wengi huamini kuchovya ndiyo njia safi zaidi. Si lazima. Anayejichovyea anaingiza ncha za vidole kwenye divai, na vidole hivyo vimetoka kushika noti za sadaka, benchi na simu. Mara nyingi ni vichafu kuliko midomo. Na padre anayechovya anaweza kugusa ulimi wa mtu mmoja baada ya mwingine. Dawa yake: ashike hostia kwenye ukingo kabisa, aiachie mara tu inapokaa ulimini, na mwamini atoe ulimi vizuri badala ya kufumbua mdomo nusu. Akihisi vidole vimelowa mate, asimame na kuvipangusa kwa kitambaa kabla ya kuendelea.

9. Kilichobaki kinywewe altareni. Anakinywa padre, shemasi au akoliti (mhudumu wa altare) aliyewekwa rasmi. Mhudumu mlei kama askofu ameruhusu. Hakimwagwi popote, na Damu ya Kristo haihifadhiwi kwenye tabernakulo, kisanduku cha kuhifadhia hostia, isipokuwa kwa ajili ya mgonjwa asiyeweza kumeza kitu kigumu.

10. Kusafisha kwa ibada, kisha kuosha kwa sabuni. Ni kazi mbili tofauti, na parokia nyingi hufanya ya kwanza zikasahau ya pili. Padre, shemasi au akoliti hutia maji kwenye kalisi, hayo maji hunywewa, kalisi hufutwa kwa kitambaa. Hilo limemalizana na chembe na matone ya Sakramenti. Mafuta ya midomo bado yapo. Baada ya misa, sakristia, osha kalisi kwa maji ya moto na sabuni, suuza, kausha kwa taulo safi (si kwa kile kitambaa cha altareni), uiache wazi nusu saa kabla ya kuifungia kwenye mfuko wake. Ikifungiwa na unyevu hutoa harufu ya kabati.

11. Vitambaa vifuliwe siku hiyohiyo. Viloweke kwenye beseni safi la maji baridi kwa dakika chache. Maji hayo ya kwanza yamwage kwenye sakrario, sinki ambalo bomba lake huishia ardhini. Kama hamna, mwaga kwenye udongo mahali pasipokanyagwa. Baada ya hapo ni nguo kama nguo nyingine: sabuni, maji ya moto sana au kuchemsha, jua, kisha pasi ya moto. Usivifue pamoja na kanzu za watumikiaji zenye jasho. Na kitambaa kilichotumika kisirudishwe mezani "kwa sababu bado ni cheupe".

Mambo yanayoharibika, na la kufanya

*Lipstiki ya bibi harusi.* Hii ndiyo kesi ya kila Jumamosi. Rangi hubaki kama mwezi mwembamba kwenye ukingo, na kufuta mara moja huitandaza tu. Mwambie bibi harusi siku ya mazoezi aipanguse kwa tishu kabla ya Komunyo. Msimamizi wake aibebe hiyo tishu. Ikishaingia kwenye kitambaa, ipake sabuni ya maji ya vyombo ikiwa kavu, sugua, kisha ndiyo uloweke. Sabuni ya mche pekee huacha kivuli cha waridi.

*Mtu ana kidonda cha homa mdomoni.* Lisemwe mapema, kwenye matangazo, si kwenye foleni: mwenye mafua, homa au kidonda mdomoni apokee hostia tu. Akifika hata hivyo, usimfukuze. Akishakunywa, futa vizuri, badilisha kitambaa, geuza. Kama kalisi ilikuwa imebaki kidogo sana, waweza kuishia hapo na kuirudisha altareni.

*Mtu anafika na hostia mkononi akitaka kuchovya.* Funika mdomo wa kalisi taratibu kwa kiganja chenye kitambaa na umwambie kwa sauti ya chini ale hostia kwanza, kisha anywe. Usibishane.

*Imemwagika.* Simama. Weka kitambaa juu ya tone watu wasikanyage, wapishe foleni pembeni. Baada ya misa osha mahali hapo kwa maji, na maji hayo yaende kwenye sakrario. Kama ni zulia, osha mara tatu kwa maji baridi kabla ya sabuni yoyote. Parokia nyingi hutumia divai nyeupe kwa sababu hii hasa.

*Nzi ameingia kwenye kalisi.* Kabla ya mageuzo: mwaga, futa kalisi, mimina divai nyingine. Baada ya mageuzo ni kazi ya padre. Maelekezo ya misale (kitabu cha sala za misa) ya zamani yalitaka atolewe, aoshwe kwa divai, achomwe baada ya misa, na majivu pamoja na yale yaliyomwoshea yaende kwenye sakrario. Ndiyo maana tunasisitiza pala.

*Mgonjwa wa seliaki, asiyeweza kula ngano.* Kwake kikombe si nyongeza, ndiyo njia pekee salama kama hata hostia yenye gluteni kidogo inamdhuru. Lakini kalisi ya padre ina kipande cha hostia ndani yake. Mwandalie kalisi yake ndogo, isichovywe kitu, anywe wa kwanza, na mhudumu wake asiwe ametoka kushika hostia.

*Aliyeacha pombe.* Apokee hostia tu. Padre ambaye hawezi divai huomba kwa mkuu wake wa kanisa ruhusa ya kutumia mustumu, juisi ya zabibu ambayo haijachacha sawasawa.

*Doa la kijani ndani ya kalisi.* Usilikwangue. Iondoe kalisi kwenye matumizi mpaka ipakwe dhahabu upya. Mafundi wa vito wa mjini huifanya kazi hiyo. Kikombe kilichochubuka kina mikwaruzo ambayo kitambaa hakiifikii.

*Mlipuko wa ugonjwa.* Mafua makali, Ebola, au kama ilivyokuwa Machi 2020 wakati wa UVIKO-19, ambapo majimbo mengi duniani yalisimamisha kikombe: msisubiri kupiga kura kwenye halmashauri ya walei. Kikombe cha waamini husimama, padre pekee hunywa, naye anabaki na wajibu wa kukamilisha sadaka ya misa. Kama mapadre ni wengi altareni, wachovye kila mmoja hostia yake bila vidole kugusa divai, na anayechovya mwisho amalizie kilichobaki. Kikombe kirudi pale tu askofu atakapoandika, na Jumapili ya kwanza ya kurudi wahudumu wote wafanye zoezi la kufuta na kugeuza kwa kalisi yenye maji, mtu kwa mtu, mbele ya aliyezoea.